HOTUBA JUU YA KUSOMA SHERIA PAMOJA NA ELIMU YA PILI

(Ilisomwa mbele ya wanachama wa Kasulu na Kibondo)



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza, wengine kwa barua, wengine barazani baada ya kazi: je, mtumishi mwenye shahada ya sheria, au anayeitamani, yafaa aongeze juu yake shahada ya elimu nyingine, kama vile ya mila, ya lugha, ya historia, ya ardhi au ya uongozi wa serikali? Na kama yafaa, aanze na ipi? Sikuitwa kuvisifu vyuo, wala sitavisifu. Nimeitwa kupima faida na gharama, nami nitapima kwa mizani ya huku kwetu Buha, maana mizani ya Dar es Salaam ni nyingine.

Nitasema mapema nionavyo mimi, ili atakayesinzia katikati asikose neno. Naona ya kuwa elimu ya pili ina faida kubwa kwa mtu wa sheria katika wilaya zetu, pengine kupita faida iliyo nayo mjini. Lakini kwa sharti moja, kwamba mtu awe na swali mkononi ambalo sheria peke yake imeshindwa kulijibu. Asiye na swali hilo atapata karatasi ya pili ya kutundika ukutani, na deni.

Wazee wetu wa ukarani hawakusumbuliwa na jambo hili. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, hapakuwa na chuo hata kimoja katika Afrika ya Mashariki ambamo Mwafrika aliweza kusoma sheria mpaka shahada. Kayamba mwenyewe alikwenda London mwaka 1931, akasema mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi zetu tatu. Naye alikwenda kwa akili yake na mazoea ya ofisini. Serikali ya wakati ule ilipenda Waafrika wasome uganga, ualimu na ukulima, wala haikuwa na haraka ya kuwasomesha sheria. Sababu yake mwaijua.

Mlango ulifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza katika nyumba ya TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha Sheria, na wanafunzi wa kwanza hawakutimia 15. Tangu hapo milango imeongezeka, nami nitaitaja ile tu inayomhusu mtu aliye Kasulu au Kibondo asiyeweza kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Huko mtu husoma sheria akiwa kwake, akaenda kituo cha mkoa kwa mitihani na mashauri. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kilichowekwa kwa sheria ya 1998, hutoa cheti na stashahada ya sheria, na makarani wengi wa mahakama wamepanda kwa ngazi hiyo. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha machifu na makarani wa serikali za wenyeji. Tangu 2001 ni chuo kikuu, nacho hufundisha sheria na uongozi wa serikali katika uwanja mmoja. Yapendeza kuona ya kuwa shule iliyojengwa kwa ajili ya karani wa mwami sasa inampa karani huyo shahada zote mbili, kama akizitaka.

Sasa nije kwenye namna ya kuziunganisha. Katika Marekani, kijana hatoki shule ya sekondari akaingia katika sheria. Sharti kwanza apate shahada nyingine, ndipo asome sheria miaka 3. Kwa hiyo mwanasheria wa kule amekwisha kuonja elimu nyingine kabla ya kuionja sheria. Tena vyuo vyao vingi vimeweka mpango wa kusoma sheria na shahada ya juu ya elimu nyingine kwa pamoja, masomo mengine yakihesabiwa pande zote mbili. Atakaye sheria na biashara, ambaye angetumia miaka 5 kwa kuzisoma mbalimbali, aghalabu huzimaliza kwa miaka 4. Sisi tumerithi mwendo wa Kiingereza. Sheria kwetu ni shahada ya kwanza, nayo huchukua miaka 4 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Elimu ya pili huja baadaye, kwa mlango wake, kwa ada yake, na mtu asitumaini kwamba masomo yake ya sheria yatampunguzia kitu huko. Wasomao habari za vyuo vya ng'ambo husahau tofauti hii. Huona jinsi Mmarekani alivyookoa mwaka mmoja, nao wakapiga hesabu ya maisha yao kwa hesabu ya Mmarekani.

Tena asiyejua na ajue: shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Sheria ya 2007 iliunda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na atakaye uwakili hana budi kupita hapo baada ya shahada yake. Mlango huo si mpana. Mwaka 2022 palitokea kelele nchi nzima matokeo yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, na Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Watu walibishana kosa ni la nani. Mimi nalitaja jambo hili ili mtu apimaye miaka yake aweke na huo katika hesabu. Na yule ambaye haja yake ni kuwasaidia wanakijiji kuandika madai na kujua haki zao, hahitaji hata shahada moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliofundishwa kwa muda mfupi, nao wanafanya kazi njema vijijini.

Ama faida ya kuziunganisha, nitaionyesha kwa watu wenyewe kabla ya kurudi Buha.

Yupo bibi mmoja Mmarekani, jina lake Sally Falk Moore, aliyezaliwa 1924 akafa 2021. Alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945, akafanya kazi ya uanasheria New York, kisha akawa miongoni mwa waliofanya kazi katika mashitaka ya Nuremberg, walikohukumiwa wakuu wa Kijerumani baada ya vita. Akarudi shuleni. Mwaka 1957 akapata udaktari katika anthropolojia, yaani elimu ya watu na desturi zao. Basi tangu mwaka 1968 alikuwa akija Kilimanjaro, akakaa na Wachaga, akasoma majalada ya mahakama zao ndogo, akawauliza wazee habari za vihamba, za mipaka na za urithi. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1986, nacho chaeleza miaka mia, tangu 1880 mpaka 1980.

Alikuta nini? Alikuta kwamba yale yaliyoitwa mahakamani "mila za Kichaga" hayakuwa jiwe lililotoka kwa mababu bila kuguswa. Kahawa iliingia, ardhi ikawa na thamani na ikapungua; machifu wakapewa mahakama na Wajerumani, kisha na Waingereza; watoto wakaenda shule na kazi za mshahara. Mila ikajigeuza mara baada ya mara, na kila mara ikaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwanasheria peke yake asingaliona jambo hilo, kwa kuwa yeye hutaka kanuni, akiisha kuipata huiandika na kufunga kitabu. Mwanaanthropolojia peke yake asingalijua uzito wa jalada la mahakama, wala kwa nini hakimu aliandika neno hili akaacha lile. Yule bibi alikuwa na macho yote mawili.

Mwingine ni wa jirani zetu, Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda. Wengi wenu mwamjua kwa ushairi. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya mpira ya Uganda, wenzake wakarudi yeye akabaki. Akasoma ualimu Bristol, akasoma sheria Aberystwyth katika Wales mpaka shahada, halafu akaenda Oxford kusoma anthropolojia, na kazi yake ya huko ilikuwa juu ya nyimbo za Waacholi na Walango. Kwa uwakili hakujulikana kamwe. Wako watakaosema ya kuwa shahada yake ya sheria ilipotea bure. Mimi sioni hivyo, maana katika maandiko yake yote aliwahoji wataalamu wa Ulaya kama mtu anayemhoji shahidi: umeona wapi, nani alikuambia, na je, neno hilo kwa lugha yao lina maana hiyo? Lakini nakubali kwamba njia yake si ya mtu mwenye watoto 5 na mshahara wa karani.

Na hapa kwetu, Profesa Issa Shivji alipata shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaongeza ya pili London, na udaktari akaupata Dar es Salaam mwaka 1982. Karatasi zake ni za sheria, walakini kazi yake imejaa historia na elimu ya uchumi wa siasa, na alipopewa uenyekiti wa Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, 1991 mpaka 1992, ndiyo aliyoitumia. Namtaja kwa makusudi. Mtu aweza kuwa na elimu ya pili bila kuwa na shahada yake.

Sasa turudi nyumbani.

Tuseme ya kuwa mzee wa Heru amempa mwenzake ng'ombe jike kwa ubugabire. Wanachama waliozaliwa hapa wanajua maana yake. Wageni niwaeleze kwa kifupi. Mwenye ng'ombe hampi mwenzake kwa kuuza, wala hamkopeshi kwa muda, wala hampi zawadi ikaisha. Mpokeaji atapata maziwa na samadi, na ndama wengine watakuwa wake. Naye atadaiwa heshima, pombe, na mkono wa kazi, na uzao mwingine kurudi kwa mwenye ng'ombe. Ni kamba inayofunga nyumba mbili, na zamani ilizifunga hata kizazi cha pili. Tuseme wazee wote wawili wamekufa, na watoto wao wameshitakiana mahakama ya mwanzo kwa ndama 3. Sheria ya mikataba itauliza: je, ni mauzo, ni mkopo, ni amana, au ni zawadi? Kila jibu lampa mtu mwingine ndama. Na karani anayeandika "alimkopesha" mahali shahidi aliposema ubugabire, amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kufungua kinywa.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliweka washauri wawili au zaidi wa kuketi na hakimu wa mahakama ya mwanzo, ili akili ya wenyeji iwemo. Ni jambo jema. Lakini mshauri naye ni mtu wa ukoo fulani na umri fulani, na tumejifunza kwa yule bibi wa Kilimanjaro ya kuwa mzee akisema "ndivyo tulivyofanya siku zote" yafaa kuuliza siku zote zilianza lini. Hapa zamani mwami alikuwa mtawala na mwamuzi pamoja, na Waingereza walimwekea mahakama kwa sheria yao ya 1929; Mwami Theresa Ntare wa Heru alitawala katika siku za mwisho za mpango huo, uliovunjwa na sheria za mwaka 1963. Kipi katika mila ya Buha ni cha kabla ya mahakama hizo, na kipi kilizaliwa ndani yake? Mtu mwenye sheria na anthropolojia aweza kuandika kitabu cha Buha kama kile cha Kilimanjaro. Kingewafaa mahakimu wote watakaoletwa huku kutoka mikoa mingine.

Walakini jambo ninaloliona zito kuliko yote si ng'ombe. Ni uraia.

Mwajua jinsi watu wa mkoa wetu walivyolalamika kwa miaka mingi. Mtu husimamishwa njiani, akaulizwa kitambulisho, na kwa kuwa matamshi yake ni ya Kibondo huambiwa, "Wewe ni Mrundi." Wengine wameshindwa kujithibitisha, si kwa kuwa wao ni wageni, bali kwa kuwa walizaliwa nyumbani, na baba alizaliwa nyumbani, na babu alikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga akiwa manamba, akarudi mzee bila karatasi. Upande wa pili tusijidanganye: wakimbizi wamekuja kweli, tena mara nyingi. Walikuja mwaka 1972. Wakaja mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba. Wakongo wakaja na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Na mwaka 2015 Warundi wakaja tena, Nduta ikafunguliwa mara ya pili. Wamekaa karibu nasi, wamelima vibarua, wameoana nasi. Ofisa anayeuliza ana haki ya kuuliza. Shida ni kipimo anachotumia.

Anatumia lugha. Sheria ya Uraia ya 1995 huuliza mtu amezaliwa wapi, lini, na wazazi wake ni raia wa wapi, haiulizi anasemaje. Na lau ingeuliza, mwanaisimu angewaambia yafuatayo. Malcolm Guthrie wa London, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa makundi, aliziweka Kinyarwanda, Kirundi na Kiha katika kundi moja, D60: ya kwanza akaipa namba D61, ya pili D62, na yetu D66. Msemaji wa Kiha na msemaji wa Kirundi huelewana bila mkalimani. Basi kumtambua raia kwa matamshi, katika wilaya inayopakana na Burundi, ni kama kutaka kuwatenga ndugu wawili kwa kusikiliza kicheko chao.

Na mwanahistoria angeongeza lake. Kabla ya vita ya 1914, Buha na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Kijerumani. Mpaka tunaoujua ulitokana na mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, Mwingereza na Mbelgiji walipogawana, na ukawekwa sawa kwa mapatano ya 1924. Mahali pengine unafuata mto Malagarasi, nao mto hauna habari ya Milner wala ya Orts. Hata nchi ya Bugufi, iliyo Ngara leo, ilikuwa ya Urundi kabla ya kuachwa upande wa Waingereza. Ukoo wenye mashamba pande mbili za mstari haukuhama siku ile. Mstari ndio ulioujia.

Mwaona basi. Wakili mwenye sheria tupu atasimama mbele ya ofisa au hakimu na kusema, "Mteja wangu ni raia," naye ataulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Hapo kifungu cha sheria hakimfai kitu. Yamfaa kujua kwamba daftari za ubatizo za misioni kama Kabanga ni ushahidi, na jinsi ya kuzisoma. Kwamba daftari za kodi na za shule za zamani zaweza kutafutwa. Kwamba nasaba inayosemwa na mzee yaweza kupimwa kwa nasaba inayosemwa na mzee mwingine asiyejuana naye. Na kwamba taarifa ya mtaalamu wa lugha yaweza kukivunja kipimo cha matamshi. Mambo hayo hufundishwa katika idara ya historia na ya isimu, wala hayafundishwi katika kitivo cha sheria. Mtu mmoja wa Kibondo mwenye elimu hizi mbili angewafaa majirani zake kuliko mawakili kumi wa mjini. Na kati yenu wamo makarani waliokaa miaka 10 katika kuandikisha vizazi, wakimbizi au wapiga kura. Ninyi tayari mna nusu ya elimu hiyo mikononi, ila haijapewa jina.

Juu ya Kiswahili sitakawia, ingawa ni uwanja mpana. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria pale Dar es Salaam, alijishughulisha na maneno ya sheria kwa Kiswahili, na orodha yake ilitolewa mwaka 1968. Kazi ikapoa. Mwezi wa Februari 2021 Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu huko Musoma, alipandishwa Mahakama ya Rufani, na mwaka uo huo sheria ikafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo wanatafutwa watu wanaoijua sheria na wanaoijua lugha, na aghalabu hupatikana wawili wanaobishana mahali pa mmoja anayejua zote. Hili naliona ndilo lililo jepesi kwa makarani wa mahakama za mwanzo, ambao wamekuwa wakiandika mashauri kwa Kiswahili maisha yao yote.

Ardhi pia nitaigusa tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilipitishwa 1999 ikaanza kutumika Mei 2001, na vijiji vyetu bado vina ugomvi wa mipaka, wa wafugaji na wakulima, na wa misitu ya hifadhi. Anayesoma sheria kisha akasoma upimaji au usimamizi wa ardhi, kama unavyofundishwa Chuo Kikuu Ardhi, ataweza kusoma ramani na hukumu kwa jicho moja. Wenye kazi hiyo wanajua njaa iliyopo.

Nabakiza swali la mpangilio na fedha. Kwa mtu aliye kazini, naona ifuatwe njia hii: aliye na shahada ya elimu nyingine tayari, kama ualimu au uongozi, asome sheria kwa Chuo Kikuu Huria, wala asione haya kuanza tena shahada ya kwanza akiwa na mvi, elimu yake ya zamani itamtumikia. Aliye na sheria tayari asikimbilie shahada ya pili mwaka unaofuata. Akae kazini miaka 3 au 4, aweke daftari, aandike kila shauri lililomshinda na sababu ya kumshinda. Mwisho wa muda huo daftari litamwambia ni mila, ni lugha, ni historia au ni ardhi. Likiwa halimwambii kitu, abaki na shahada yake moja na asomeshe watoto. Asiye na shahada yoyote aangalie Lushoto kwanza.

Tena kabla ya kulipa hata senti, aandike barua kwa idara anayoitaka aulize kama inampokea mtu wa shahada ya sheria. Zipo idara zinazotaka mwanafunzi wa shahada ya pili awe ametoka katika elimu ile ile, na nyingine humtaka asome masomo ya msingi kwanza, mwaka mzima pengine. Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004, mkono wake mkubwa uko kwa shahada ya kwanza. Mwenye kutaka ya pili ajitazame mwenyewe na mwajiri wake, na ruhusa ya masomo aipate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huhamishwa pamoja naye.

Kuna wanachama waliosema barazani kwamba watu wakisoma elimu mbili watahamia Dodoma na Dar es Salaam, na Buha haitaona faida. Neno hili lina kweli ndani yake, wala sina dawa yake yote. Nasema tu ya kuwa mwenye sheria tupu huhama kwa wepesi zaidi, kwa sababu sheria ni ile ile kila mahali. Yule ambaye elimu yake ya pili ni Kiha, au ubugabire, au daftari za misioni za Kasulu, bidhaa yake inanunuliwa huku.

Bwana Mwenyekiti, hapo nimefika. Maswali yaliyoletwa kwa maandishi ni 7, na mawili ni ya wenzetu wa Kakonko na Buhigwe, ambao tangu wilaya zao zilipotengwa na zetu mwaka 2012 bado huja kwetu kwa mikutano, nasi twafurahi. Lakini namwona bwana mmoja wa Kibondo ameinua mkono tangu nilipotaja matamshi, nami naomba aanze yeye.